Aina nane za maneno za Kiingereza: orodha si tatizo, tatizo ni fasili

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza, hata ukimwamsha usiku wa manane, atakutajia bila kujikwaa: nomino ni jina la mtu, mahali, kitu au hali, kitenzi ni neno la kutenda, kivumishi hutaja sifa ya nomino. Sasa mwandikie ubaoni 'The destruction of the bridge delayed the bus', kisha umuulize 'destruction' ni aina gani ya neno. Kubomoa daraja ni tendo, tena ndilo tendo zito kuliko yote katika sentensi hiyo. Akifuata alichokariri, atajibu kitenzi, naye atakuwa amekosa. Mwandikie na 'Your village resembles ours'. Hapo hakuna anayetenda chochote, kijiji kimekaa mahali pake, lakini 'resembles' ni kitenzi bila ubishi. Sentensi mbili za kawaida kabisa, na fasili imemwangusha mara mbili.

Lawama hapo huelekezwa kwa mwanafunzi, au kwa orodha yenyewe ya aina nane: nomino, kiwakilishi, kitenzi, kivumishi, kielezi, kihusishi, kiunganishi na kihisishi. Mimi naona orodha haina kosa kubwa; ina pengo moja tu, nalo nitalifikia. Kilichochakaa ni njia tunayomfundisha mtoto ya kutambua neno. Kumwambia achunguze maana ya neno ili ajue aina yake ni kumpa kipimo kisichopima. Na anayeumia zaidi kwa kipimo hicho ni msemaji wa Kiswahili, kwa sababu anatoka kwenye lugha ambayo neno hujitambulisha lenyewe.

Chukua mzizi -som-. Tunapata anasoma, msomaji, usomaji, somo, kisomo. Ukisikia 'usomaji' peke yake, bila sentensi, unajua ni nomino na unajua hata ngeli yake. Kiingereza kiliwahi kuwa na alama za namna hiyo. Katika Kiingereza cha kale, pendo liliitwa 'lufu' na kupenda kuliitwa 'lufian'. Viishio vilimomonyoka karne kwa karne hadi yote mawili yakabaki 'love'. Ndiyo maana leo 'water' ni maji na pia ni kumwagilia, 'chair' ni kiti na pia ni kuendesha kikao, na jina la kampuni ya Google likageuka kitenzi bila kuongezewa hata herufi moja. Mara chache Kiingereza huacha alama ndogo: mkazo, kama katika 'record', ambayo ikiwa nomino hutamkwa kwa mkazo mwanzoni na ikiwa kitenzi mkazo huenda mwishoni, au sauti ya mwisho, kama 'advice' na 'advise'. Nyingi hazina hata hiyo. Neno likiwa nje ya sentensi, swali la 'hili ni aina gani?' mara nyingi halina jibu, na mwalimu anayeuliza hivyo kwa neno moja lililosimama peke yake ubaoni anawaonea wanafunzi.

Kuhusu idadi yenyewe, isiheshimiwe kupita kiasi. Hesabu ya nane ilitoka kwa Wagiriki. Inaonekana katika sarufi inayonasibishwa na Dionysius Thrax wa Alexandria, kama miaka 100 kabla ya Kristo. Warumi waliichukua wakakuta Kilatini hakina artikeli (neno kama 'the'), basi wakaitoa, wakaingiza kihisishi, nane ikabaki nane. Kivumishi hakikuwamo kama aina ya pekee, kilihesabiwa ndani ya nomino, kwa kuwa katika Kigiriki na Kilatini hunyambuliwa kama nomino. (Mswahili anayetazama mzuri, kizuri, wazuri anaweza kuwaelewa vizuri sana.) William Bullokar alipotoa sarufi ya kwanza ya Kiingereza mwaka 1586 alifuata kigezo cha Kilatini. Orodha tunayoijua leo, yenye kivumishi kinachojitegemea, ilikaa sawa katika karne ya 18: Joseph Priestley mwaka 1761 alitaja nane, Robert Lowth mwaka 1762 na Lindley Murray mwaka 1795 walitaja tisa kwa sababu walitenga artikeli. Wanaisimu Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum, katika sarufi yao kubwa ya Kiingereza ya mwaka 2002, wakakiingiza kiwakilishi ndani ya nomino na kukipa kibainishi (neno kama 'the' au 'this') nafasi yake. Wanaofundisha kompyuta kuchambua Kiingereza hutumia alama 36 za aina za maneno katika mfumo wa Penn Treebank, na 17 katika Universal Dependencies. Nane, kwa hiyo, ni makubaliano ya kazi, na makubaliano hubadilika kazi ikibadilika.

Turudi kwenye kutambua. Tazama sentensi hii ambayo ndani yake kuna maneno yasiyokuwepo: 'The dalky frins were plonting slowly'. Hakuna ajuaye 'dalky' ni nini, lakini anayekijua Kiingereza atakuambia papo hapo kwamba ni kivumishi, 'frins' ni nomino ya wingi, 'plonting' ni kitenzi. Amejuaje bila maana? 'Dalky' limekaa kati ya 'the' na nomino. 'Frins' lina -s na linatangulia 'were', kwa hiyo ndilo kiima. 'Plonting' linafuata 'were' na lina -ing. Kipimo kilichofanya kazi ni nafasi kwanza, kisha umbo. Maana haikuchangia chochote.

Kwa hiyo mwanafunzi apewe nafasi za kujaribia, kila aina na nafasi yake. Nomino ni neno linaloweza kukaa baada ya 'the' na kufungia kirai hapo. Kitenzi ni neno linaloweza kupelekwa wakati uliopita: 'resembles' hugeuka 'resembled', basi ni kitenzi, tendo liwepo lisiwepo. Kivumishi hukubali 'very' mbele yake na hukaa sehemu mbili, kabla ya nomino na baada ya 'seem' au 'be'. Hapa kuna vivumishi vikaidi ambavyo mwalimu avitaje mapema kabla mtoto mwerevu hajamuuliza: 'main' na 'former' hukaa kabla ya nomino tu, na 'asleep', 'alive' na 'afraid' hukaa baada ya vitenzi kama 'be' na 'seem', si kabla ya nomino. 'The child is asleep' ni sahihi; 'an asleep child' si sahihi, ni lazima iwe 'a sleeping child'. Kihusishi hufuatwa na nomino au kirai nomino. Kiunganishi tegemezi hufuatwa na kishazi kizima chenye kiima na kitenzi chake.

Hivi viwili vya mwisho ndivyo vinavyoleta makosa mengi kwenye insha zetu, na sababu yake inaonekana wazi. Kiswahili kinasema 'wakati wa mvua' na 'wakati mvua inanyesha'. Neno 'wakati' limefanya kazi zote mbili kwa msaada mdogo wa 'wa'. Kiingereza kimezigawa kazi hizo kwa maneno mawili: 'during the rain', lakini 'while it was raining'. Mwanafunzi anayeandika 'during it was raining' anajua vizuri maana ya 'during'. Hajui kwamba ni kihusishi, na kihusishi hakipokei kishazi. Jozi nyingine ziko vilevile: 'because of the traffic' na 'because there was traffic', 'despite the cold' na 'although it was cold'. Kutokana na 'in spite of' watu hutengeneza 'despite of', ambayo haipo, kwa sababu 'despite' ni kihusishi kamili kisichohitaji kingine. Halafu kuna maneno yanayocheza pande zote mbili, 'before', 'after', 'since' na 'until', na hayo mwanafunzi ayafurahie: 'after lunch' na 'after we ate' zote ni sahihi.

Papo hapo kuna kosa la 'Although he was sick, but he came'. Kiswahili hakioni tatizo kusema 'Ingawa alikuwa mgonjwa, lakini alikuja'. Kwa Kiingereza, 'although' tayari imekifanya kishazi cha kwanza kuwa tegemezi, na 'but' huunganisha vishazi vyenye hadhi sawa. Huwezi kukishusha kishazi kwa neno moja na kukipandisha kwa jingine. Ondoa mojawapo, yoyote ile, sentensi itasimama.

Kuna neno dogo linaloaibisha hata barua za maofisa wakubwa: 'to'. Barua ngapi za maombi ya kazi huishia 'I look forward to hear from you'? Mwandishi amesikia 'to', akakumbuka ku- ya kitenzi, akaweka kitenzi katika umbo lake la msingi kama afanyavyo kwenye 'I want to hear'. Lakini Kiingereza kina 'to' mbili. Moja hutangulia kitenzi: 'want to go'. Nyingine ni kihusishi: 'go to Mwanza'. Kuzitenganisha ni kazi ya sekunde tatu. Weka nomino baada ya 'to' uone kama sentensi inakubali. 'I look forward to the meeting' inakubali, kwa hiyo hiyo 'to' ni kihusishi, na kitenzi kikija baada ya kihusishi lazima kichukue -ing: 'I look forward to hearing from you'. Jaribu 'I want to the meeting': inakataa, kwa hiyo ni 'to' ya kitenzi. Kwa kipimo hicho hicho utaandika sawasawa 'object to paying', 'be committed to helping', na utatofautisha 'I used to wake up early', yaani zamani nilikuwa na desturi hiyo, na 'I am used to waking up early', yaani nimeshazoea.

Sasa lile pengo. Katika vitabu vingi vya shule, 'my', 'this', 'some' na 'every' huwekwa kwenye kapu la vivumishi. Kwa Kiswahili mpangilio huo una mantiki, kwani 'changu', 'hiki' na 'kizuri' vyote huweza kufuata nomino na vyote hupatana nayo kwa ngeli, na unaweza kuvipanga pamoja: 'kitabu changu hiki kizuri'. Mwanafunzi anayeamini kwamba 'my' na 'this' ni vivumishi kama 'good' ana kila haki ya kuandika 'this my good book'. Vivumishi hupangwa vitatu, vinne, hakuna anayekataza: 'a big old red bus'. Mbona hivi vikataliwe?

Vinakataliwa kwa sababu si vivumishi. Ni vibainishi, na vinagombea kiti kimoja pamoja na 'a' na 'the', kilicho mwanzoni kabisa mwa kirai nomino. Akikaa mmoja, mwingine hakai: 'the book', 'my book', 'this book', 'every book', lakini si 'the my book' wala 'every my book'. Ukitaka maana zote mbili, mmoja huhamishiwa nyuma kwa 'of': 'this book of mine'. Vibainishi hivi havikubali 'very' na havikai baada ya 'seem'. Hakuna 'very my', hakuna 'it seems every'. Vimeshindwa kila kipimo cha kivumishi, na bado vitabu vinaendelea kuviita hivyo.

Kuvipa jina lao si suala la kupenda istilahi mpya. Faida ya kwanza ni kuondoa 'this my'. Ya pili ni kubwa zaidi: ukishajua kuna kiti hicho, kanuni ya artikeli inakuwa fupi. Nomino inayohesabika, ikiwa katika umoja, haiwezi kuacha kiti hicho wazi. 'I bought car' ni kosa kwa sababu kiti ni kitupu. Weka 'a', 'the', 'my', 'that', 'another', chochote kinachofaa, kosa litaondoka. Vighairi ni vichache na vingi ni misemo iliyoganda, kama 'by bus', 'at home' na 'in hospital'. Nomino ya wingi au isiyohesabika inaweza kukiacha wazi: 'I bought cars', 'I need water'. Hapo ndipo inapobidi kujua kwamba 'advice', 'information', 'furniture', 'equipment' na 'luggage' hazihesabiki kwa Kiingereza, ingawa sisi tunasema taarifa mbili na mizigo mitatu. Hazipokei 'an' wala 'many' wala -s. Husemwa 'a piece of advice', 'much information'. Kamusi nzuri ya wanafunzi huweka alama C (inayohesabika) au U (isiyohesabika) pembeni ya nomino, na alama hiyo ina faida kuliko nusu ya maelezo yanayoifuata.

Ili kuona kwa karibu jinsi neno moja linavyoweza kubadili aina ndani ya sentensi moja, chukua hii: 'I know that that book that you bought is not that expensive'. Kuna 'that' nne. Kiswahili chake ni 'Najua kwamba kile kitabu ulichonunua si ghali kiasi hicho'. Ya kwanza ni kiunganishi, kwetu 'kwamba'. Ya pili ni kibainishi, 'kile'. Ya tatu ni kirejeshi, na kwetu imejificha katikati ya kitenzi kama -cho-. Ya nne ni kielezi kinachoonyesha kiwango, 'kiasi hicho'. Sasa jaribu kuzifuta. Ya kwanza na ya tatu zinafutika, 'I know that book you bought is not that expensive', na Mwingereza akizitamka huzimeza. Ya pili ukiifuta unakiacha kiti cha kibainishi wazi mbele ya 'book', ambayo inahesabika na iko katika umoja, kwa hiyo sentensi inavunjika. Ya nne ukiifuta maana inabadilika: kitabu si ghali, basi. Hizi mbili hutamkwa wazi. Ukifundisha kwa sentensi hii moja, somo la kiwakilishi rejeshi, kiunganishi na kibainishi limekaa pamoja, na mwanafunzi ameona sababu ya kuyatenganisha.

Vielezi sina mengi ya kusema, ila mazoea ya kufundisha kwamba kielezi ni kivumishi kilichoongezwa -ly yamezaa matatizo. 'Friendly', 'costly' na 'lonely' zina -ly na ni vivumishi. 'He greeted us friendly' haikubaliki, sema 'in a friendly way'. 'Fast' haina -ly na ni kivumishi na kielezi kwa pamoja. 'Hard' na 'hardly' si ndugu kimaana: 'he works hard' ni anafanya kazi kwa bidii, 'he hardly works' ni karibu hafanyi kazi kabisa. Ukiandika la pili kwenye barua ya kumpendekeza mtu, umemnyima kazi. Na baada ya 'look', 'feel', 'taste', 'smell' na 'seem', zinapotaja hali, huja kivumishi: 'the pilau smells good', 'she looks happy'.

Nomino inayokaa mbele ya nomino nyingine, kama 'school bus' au 'stone wall', wengi huiita kivumishi kwa kuwa inaeleza nomino. Jaribu 'a very school bus', au 'the bus seems school'. Imeanguka kotekote, ni nomino iliyoazimwa kazi ya kueleza. Ikiazimwa hivyo kwa kawaida huacha -s yake nyuma, ndiyo maana mpango wa miaka mitano ni 'a five-year plan', safari ya saa mbili ni 'a two-hour journey', na mtoto wa miaka saba ni 'a seven-year-old child'. Kuandika 'five-years plan' ni kuleta mazoea ya Kiswahili, ambapo 'miaka' hubaki wingi popote iwekwapo.

Mitihani ndiyo inayoshikilia mafundisho ya zamani. Swali likiwa 'taja aina nane za maneno na ufafanue kila moja', mwalimu atafundisha fasili, na mwenye akili hawezi kumlaumu. Maswali yanayopima ujuzi huu yapo na ni rahisi kutunga. Toa neno moja, mfano 'round', katika sentensi tano, mwanafunzi aseme aina na athibitishe kwa kipimo: 'a round table', 'a round of talks', 'they will round the corner soon', 'he turned round', 'a fence round the house'. Alama moja kwa jibu, mbili kwa uthibitisho. Au toa sentensi mbovu, kama 'during we were eating', udai marekebisho na sababu kwa kutaja aina ya neno. Zoezi la kutaja aina ya neno pasipo sentensi lifutwe kabisa.

Msahihishaji naye awe tayari kwa maneno ambayo hata wanasarufi hawakubaliani. 'Home' katika 'go home' vitabu vingi huita kielezi. Huddleston na Pullum huita kihusishi kisichohitaji nomino. 'Up' katika 'pick up the phone' wengine husema kielezi, wengine husema kijineno kinachoandamana na kitenzi. Mwanafunzi aliyeandika lolote kati ya hayo na akaonyesha kwamba 'pick the phone up' nayo inawezekana, ilhali 'walk the hill up' haiwezekani, apewe alama zake zote.